Jamaa na Shule: Ruhusa ya kufundisha hainunuliwi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, njia za miji yetu hugeuka nyeupe. Vijana waliofaulu hupakwa poda kichwani na usoni, huimba, huzunguka mtaa kwa mtaa, na mama zao huwafuata kwa vigelegele. Furaha hiyo ni ya haki, maana kazi ya miaka mingi imezaa matunda. Lakini poda ikiisha kuoshwa, jamaa huketi pamoja jioni na kuulizana: Sasa mtoto wetu atasoma nini? Na katika nyumba nyingi jibu hutoka upesi: «Kama hatuna fedha za kumsomesha udaktari, basi aende ISP awe mwalimu.»

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, neno hilo «basi» ni dogo, lakini lina hatari. Mtu husema «basi» juu ya kitu kilichobaki baada ya vingine vyote kukosekana. Je, wewe mzazi ungefurahi kusikia kwamba mtu anayemfundisha mtoto wako kusoma na kuhesabu alipelekwa huko kwa sababu tu hakupata mahali pengine? Hakuna mzazi atakayejibu ndiyo. Kila mmoja wetu anataka mwalimu mwema kwa mtoto wake, lakini mara nyingi tunaiona kazi ya ualimu kuwa mabaki kwa mtoto wetu sisi wenyewe. Mambo hayo mawili hayapatani.

Kwa hiyo juma hili tutaeleza kwa utaratibu mambo yanayotakiwa ili mtu apate haki ya kusimama mbele ya darasa katika nchi yetu ya Kongo. Anasoma miaka mingapi? Anapimwa kwa njia gani? Na jamaa iulize nini kabla ya kulipa minerivali ya kwanza?

LISANSI MAANA YAKE NINI

Watu wengi hudhani kwamba lisansi ni jina la heshima tu, kitu cha kutaja baada ya jina la mtu. Sivyo. Neno hilo limetoka katika Kilatini, licentia, na maana yake ni ruhusa. Zamani sana, katika miaka ya 1100, shule nyingi kubwa za Ulaya zilikuwa kando ya makanisa makuu ya maaskofu. Mtu hakuweza kufundisha huko kwa kujitakia mwenyewe. Ilimpasa kwanza apewe ruhusa ya kufundisha na mkubwa aliyewekwa kwa kazi hiyo. Basi, wakubwa wengine wakaanza kuiuza ruhusa ile. Aliye na fedha alifundisha, hata kama akili yake ilikuwa nyembamba. Asiye na fedha alirudishwa, hata kama alikuwa na elimu nyingi.

Ndipo Mtaguso wa tatu wa Laterano, uliokutana Roma mwaka 1179 chini ya Papa Aleksanda wa III, ukatoa amri iliyo wazi. Mtu asidai malipo kwa ajili ya ruhusa ya kufundisha, wala asimnyime ruhusa mtu aliye na uwezo. Mtaguso huo huo uliagiza kila kanisa kuu liwe na mwalimu, na mwalimu huyo apewe riziki ya kumtosha, ili awafundishe bure wanafunzi maskini.

Tazameni, amri ile ilishika mambo matatu pamoja: ruhusa haiuzwi, mwenye uwezo hanyimwi, na mwalimu hukaa na riziki yake. Miaka zaidi ya 800 imepita, na mambo hayo matatu ndiyo yanayotusumbua mpaka leo. Yawekeni moyoni, kwa maana tutayakuta tena mbele.

Katika nchi nyingine, kama Marekani, mtu akimaliza masomo yake ya chuo huomba tena kibali kwa serikali ya jimbo lake, na mara nyingi hufanya mitihani mingine kwanza. Kwetu Kongo, diploma ya ualimu yenyewe ndiyo inayobeba ruhusa. Kwa sababu hiyo diploma yetu inapaswa kuwa ya kweli maradufu. Ikiwa ni ya uongo, hakuna mlango wa pili wa kumzuia asiyestahili. Atakayegundua uongo huo ni mtoto aliyeketi kwenye benchi, naye hana uwezo wa kusema.

DARASA GANI, DIPLOMA GANI

Tuanze na shule ya msingi. Mwalimu wa shule ya msingi anatakiwa awe na diploma inayoitwa D6, yaani diploma ya miaka 6 baada ya shule ya msingi. Kwanza hupita miaka 2, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa mwaka wa 7 na wa 8 wa elimu ya msingi. Kisha hufuata miaka 4 ya humanite katika sehemu ya ualimu. Mwishoni hufanya Mtihani wa Serikali, uliowekwa tangu 1967, ambao ni mmoja kwa nchi nzima. Asiyepata nusu ya pointi hapati diploma.

Kwa shule ya sekondari, D6 haitoshi. Katika utaratibu uliodumu kwetu kwa miaka mingi, mwalimu wa madarasa ya chini ya sekondari ni G3, yaani mtu aliyepata graduati baada ya kusoma miaka 3 katika shule ya juu ya ualimu. Mwalimu wa madarasa ya juu ni L2, yaani mtu aliyeongeza miaka 2 tena na kupata lisansi. Jumla ni miaka 5 baada ya sekondari.

Na yule aliyesoma katika chuo kikuu, kwa mfano kemia au historia, bila kujifunza ualimu? Huyo anajua somo lake, lakini bado hajajifunza kulifundisha. Akitaka kushika madarasa ya juu ya sekondari kwa haki yote, hufuata masomo ya agregasioni, pamoja na staji, ndipo huitwa mwalimu kamili. Kujua kitu ni jambo moja, kukiingiza katika kichwa cha mtoto ni jambo jingine. Mvuvi hodari anaweza kushindwa kabisa kumwonyesha mwanawe namna ya kutupa wavu.

NJIA HII ILIFUNGULIWAJE

Yafaa vijana wajue kwamba njia hii haikuwapo sikuzote. Kabla ya 1960, walimu wengi Wakongo walitoka katika shule za moniteri za misioni. Programu ya mwaka 1948 ilikuwa na shule ya miaka 2 kwa walimu wa madarasa madogo, na shule ya moniteri ya miaka 4. Wazee hao walifanya kazi kubwa. Wengi walifundisha vijijini chini ya paa la majani, na babu zetu walijua kusoma kwa sababu yao. Lakini mlango wa kufundisha sekondari ulikuwa mwembamba sana kwa Mkongo.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, sehemu kubwa ya walimu wa sekondari walikuwa wageni, na wengi wao wakaondoka katika matata ya miezi ile. Shule zilikuwapo, wanafunzi walikuwapo, walimu hawakuwapo. Ndiyo sababu mwaka 1961, kwa msaada wa UNESCO, Institut Pédagogique National ilifunguliwa katika mji wa Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Tangu 2005 shule hiyo ni chuo kikuu cha ualimu, Université Pédagogique Nationale. Shule nyingine za juu za ualimu, zile tunazoziita ISP, zikaenea katika nchi: Bukavu, Lubumbashi, Goma, Gombe ya Kinshasa, na mahali pengine pengi.

Kwa hiyo kijana anayeingia ISP leo haingii katika mabaki ya shule nyingine. Anaingia katika nyumba iliyojengwa kwa haraka wakati taifa lilipokuwa halina wa kuwafundisha watoto wake.

MAMBO YANAYOTAKIWA KATIKA ISP

Jambo la kwanza ni Diploma ya Serikali. Bila hiyo, mlango wa shule ya juu haufunguki. Mtu akikuambia kwamba mwanao aanze kwanza, diploma itafuata, usikubali. Siku ya mwisho watauliza karatasi ya mwanzo.

Jambo la pili ni kuchagua tawi la masomo. Hakuna mwalimu wa sekondari wa kila kitu. Mmoja huchagua Kifaransa, mwingine Kiingereza, mwingine historia, jiografia, biolojia na kemia, hesabu na fizikia, au mambo ya biashara. Mtoto achague somo alilolipenda na kulielewa katika humanite, wala si lile ambalo jina lake linasikika vizuri. Na tuseme wazi: mwalimu wa hesabu na wa fizikia hutafutwa sana, lakini asiyependa hesabu akienda kuifundisha, atawachukiza wanafunzi wake wote kama yeye mwenyewe alivyochukizwa.

Jambo la tatu ni masomo ya ualimu wenyewe. Mwanafunzi hujifunza saikolojia, yaani namna akili na moyo wa mtoto vinavyokua. Hujifunza pedagojia, na didaktiki ya somo lake, yaani namna ya kulifundisha hilo na si jingine. Hujifunza pia namna ya kutunga mtihani na kutoa pointi kwa haki. Wengi huyadharau masomo hayo wakisema: «Mimi nimekuja kwa Kiingereza, haya mengine ni maneno matupu.» Mtu wa namna hiyo utamjua baadaye. Ni yule anayempiga mtoto kwa sababu hakuelewa, wala hajiulizi kama yeye alieleza.

Jambo la nne ni staji, na jambo la tano ni kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, ambamo mwanafunzi huchunguza jambo moja na kulitetea. Staji tutaieleza peke yake, kwa maana ndiyo moyo wa habari yote.

LISANSI YA ZAMANI NA LISANSI MPYA

Lakini kwanza tuondoe kosa moja lililoingia katika jamaa nyingi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, shule zetu za juu zimeanza kwa jumla kufuata utaratibu mpya unaoitwa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari wa elimu. Katika utaratibu huu hakuna tena graduati. Lisansi mpya ni miaka 3, yenye mihula 6. Kila muhula una krediti 30, hivyo lisansi nzima ni krediti 180. Masta ni miaka 2 zaidi, yenye krediti 120.

Mmeona? Neno ni lile lile, miaka si ile ile. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5 baada ya sekondari. Lisansi mpya ni miaka 3, sawa na urefu wa graduati ya zamani. Ili kufikia miaka 5, mwanafunzi wa leo hana budi kuendelea mpaka masta. Basi baba mwenye kijana wa kwanza aliyepata lisansi miaka mingi iliyopita, asimwambie binti yake wa mwisho kwamba naye atafika pale pale kwa miaka 3. Jamaa ifanye hesabu ya fedha na ya miaka kabla ya kuanza, isije ikakwama katikati ya njia.

Krediti nazo zieleweke. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi, cha saa anazoketi mbele ya profesa pamoja na saa anazosoma peke yake. Mtoto asiyefungua daftari nyumbani asidhani kwamba kuketi tu katika ukumbi kunatosha.

STAJI: MAHALI MWALIMU ANAPOZALIWA

Staji hupanda kwa ngazi. Kwanza mwanafunzi huketi nyuma ya darasa na kutazama. Huandika namna mwalimu mwenye darasa anavyoanza somo, anavyouliza, anavyonyamazisha kelele, anavyomtazama mtoto aliye kimya kwenye kona. Kisha hufundisha somo moja moja mbele ya wenzake na walimu wake, nao humwonyesha makosa bila kumwonea aibu. Mwishoni hushika darasa mwenyewe kwa siku nyingi, chini ya macho ya mwalimu wa pale na ya mtu aliyetumwa na ISP.

Kwa kila somo anaandika karatasi ya matayarisho. Humo anataja somo la siku, na hasa kusudi lake: mwishoni mwa saa hii mwanafunzi aweze kufanya nini? Anataja vifaa atakavyotumia. Kisha anapanga sehemu tatu. Katika mwanzo anakumbusha somo lililopita na kuamsha hamu ya watoto. Katika somo lenyewe anaeleza hatua kwa hatua, kisha anafupisha. Mwishoni anauliza maswali au kutoa zoezi, ili ajue kama kweli wameelewa. Tena anatunza jurnali ya darasa, anaita majina katika daftari la mahudhurio, anaandika pointi katika daftari la pointi.

Mtu mwingine atasema haya ni mambo madogo ya karatasi. Mwulizeni mama anayepika kwa ajili ya arusi. Je, huwasha moto kabla ya kujua kama chumvi ipo? Mwalimu asiyetayarisha somo humaliza saa akiandikisha maneno ubaoni, na watoto huyanakili bila kujua maana yake. Jioni daftari limejaa, kichwa kitupu.

Sasa tuseme jambo linalouma. Staji ndiyo sehemu ambayo wengi hujaribu kuikwepa. Tuseme kijana mmoja amefika kwa mjomba wake, akaomba fedha:

— Mjomba, naomba unisaidie kidogo. Nataka kumwona mtu wa kunitilia sahihi katika karatasi za staji.

— Sahihi ya nini, mwanangu? Staji umefanya wapi?

— Sijaifanya bado, Mjomba. Lakini wenzangu wanasema karatasi ikiwa na muhuri, hakuna atakayeuliza.

— Ni kweli, huenda mkubwa hatauliza. Lakini siku utakapoingia katika darasa la watoto 60, nao watauliza. Nawe utawajibu nini?

— Nitajifunza pale pale, Mjomba.

— Utajifunza juu ya migongo ya watoto wa watu? Hapana, mwanangu. Fedha ya gari la kukufikisha kwenye shule ya staji nitakupa. Fedha ya sahihi sina.

Mjomba huyo amesema neno la Mtaguso wa 1179, hata kama hakuwahi kulisikia. Anayenunua sahihi ya staji, anayelipa ili apewe pointi, anayemwandikisha mtu mwingine kazi yake ya mwisho, huyo ananunua ruhusa ya kufundisha. Na anayeuza ana hatia kubwa zaidi, kwa maana anauza kitu kisicho chake. Ruhusa ile ni mali ya watoto watakaofundishwa.

Tena kosa hili haliishi na mtu mmoja. Mwalimu mmoja hufundisha miaka 30 au zaidi. Hesabuni wenyewe ni watoto wangapi watapita mikononi mwake, na wangapi kati yao watakuwa walimu wa wengine.

ULIZA KWANZA KAMA SHULE INATAMBULIWA

Siku hizi shule za juu zimekuwa nyingi, hata katika miji midogo. Nyingine ni za Serikali, nyingine ni za Kanisa au za watu binafsi. Wingi huo wenyewe si ubaya. Lakini si kila ubao uliopakwa rangi barabarani ni shule mbele ya sheria. Shule ya juu isiyo ya Serikali inatakiwa iwe na kibali cha Serikali, na diploma zake hupitishwa mbele ya Wizara ili zithibitishwe. Jamaa nyingine zimeuza shamba na mbuzi, zikalipa miaka 3, halafu zikapewa karatasi nzuri yenye picha na muhuri, isiyopokelewa mahali popote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mzazi aende mwenyewe. Aombe kuonyeshwa kibali cha shule. Aulize kama tawi analotaka mtoto limo ndani ya kibali hicho. Awatafute waliomaliza hapo miaka iliyopita na kuwauliza: Diploma yenu mmekwisha kuipata? Imepokelewa? Mnafanya kazi wapi? Kuuliza si ujinga. Mtu akinunua ng'ombe humtazama meno. Kwa nini aone haya kuitazama shule?

KUTOKA DIPLOMA MPAKA MSHAHARA

Hapa tusiwadanganye vijana. Diploma inakupa haki ya kufundisha, lakini haikupi mshahara siku ile ile. Kati ya vitu hivyo viwili kuna njia, na wengi wamechoka katika njia hiyo.

Katika shule zetu za Kanisa zilizo chini ya mapatano na Serikali, kazi imegawanywa. Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule zote mikononi mwake; mwaka 1977 ilifanya mapatano na Makanisa, ikawarudishia uongozi wa shule zao. Tangu hapo Kanisa huongoza shule, na Serikali huweka programu, hutuma mainspekta, na kuwalipa walimu. Kwa hiyo mwalimu mpya anahitaji mikono miwili. Kwanza ofisi inayosimamia shule impokee na kumpa barua ya kupangiwa kazi. Kwa kawaida huombwa nakala ya diploma yake, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya daktari ya kuonyesha kwamba ana afya, na karatasi za kuonyesha mwenendo mwema na kwamba hakuhukumiwa kwa kosa kubwa. Kisha jina lake lipelekwe katika ofisi ya Serikali ya kuhesabu na kulipa walimu, ile iliyojulikana miaka mingi kwa jina la SECOPE na ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Huko hupewa namba ya matrikule, ndipo jina lake liingie katika orodha ya malipo.

Kungoja huku kumewatesa wengi. Wapo walimu wenye diploma ya kweli, wanaofundisha kila siku, na jina lao bado halijaingia katika orodha. Tangu matata ya miaka ya 1990, wazazi walijizoeza kuongeza fedha zao kwa ajili ya walimu, maana mshahara wa Serikali ulikuwa haufiki au haukutosha. Mwezi wa Septemba 2019, Serikali ilianza kutimiza neno la Katiba ya 2006, kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Watoto wengi waliokuwa nyumbani wakarudi shuleni, na hilo ni jema kabisa. Lakini madarasa yakajaa, na mwalimu asiye katika orodha ya malipo akabaki bila fedha ya wazazi na bila fedha ya Serikali.

Kumbukeni neno la tatu la amri ile ya zamani: mwalimu apewe riziki, ili awafundishe maskini bure. Waliotunga amri hiyo walijua kwamba mambo hayo mawili huenda pamoja. Anayetaka shule iwe bure kwa mtoto, na amtazame pia mwalimu anakula nini.

Je, tuwaambie vijana waache? Hapana. Tunawaambia waingie macho yakiwa wazi. Kijana atunze nakala za karatasi zake zote, tangu Diploma ya Serikali mpaka barua ya kazi. Ajue tarehe aliyoanza kazi na jina la ofisi iliyopokea karatasi zake. Asimpe mtu wa katikati fedha ili «kusukuma» jina lake. Na wazazi wa shule, pamoja na wakubwa wa parokia, wasimwache mwalimu mpya peke yake kama mgeni aliyelala barazani. Nyumba ya kukaa, shamba dogo la kulima, barua ya kuuliza ofisini kwa jina la kamati ya wazazi: hayo yanawezekana, nayo yameokoa shule nyingi.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

Basi, jamaa ikiketi jioni baada ya poda na nyimbo, ijiulize maswali haya. Mtoto huyu anapenda somo gani, na anawapenda watoto? Diploma yake ya Serikali ipo, au inangojewa? Shule tunayoiwaza ina kibali? Je, tuna nguvu ya miaka 3 ya lisansi tu, au ya miaka 5 mpaka masta? Staji itafanyika wapi, na nani atamlipia safari na chakula siku zile? Na akimaliza, tutamsaidiaje kungoja mpaka mshahara ufike?

Msiwasahau mabinti. Mara nyingi fedha ikiwa ndogo, kaka hupelekwa ISP na dada hubaki. Lakini tazameni vijiji ambako hakuna mwalimu mwanamke hata mmoja katika sekondari: wasichana huacha shule mapema, kwa maana hawamwoni mtu wa kumfuata, wala wa kumweleza matata yao. Mwenye uwezo hanyimwi. Neno hilo ni kwa wote wawili.

Na majibu yakiwa mema, jamaa iseme kwa sauti moja: «Mwanetu, nenda ukawe mwalimu.» Bila «basi». Mtoto anayetumwa kwa heshima husoma kwa heshima, na atakapoingia darasani, wanafunzi wake watajua kwamba amefika mbele yao kwa haki.